Mkono wa Chumba cha Tanuri

Ijumaa, 28 Desemba

Siku ya usafi mkubwa. Nyumba yote, hamamu yote, tangu alfajiri. Mji wote wa Kawaguchi unapiga vumbi leo, na mimi sitaki mwaka mpya unikute na uchafu wa mwaka huu. Hata kama ni mwaka wa msiba. Hata kama hamamu imefungwa tangu Februari na hakuna wa kuoga.

Mabeseni: yamesuguliwa. Vigae vya upande wa wanaume: vimesuguliwa. Mlima Fuji uliochorwa ukutani: nimeufuta mpaka theluji yake imeng'aa. Kinuyo wa duka la tofu hapo jirani alichungulia akaniuliza namsafishia nani. Nikamwambia namsafishia yeye, siku atakapojifunza kuoga. Akaenda zake.

Mchana nikaingia chumba cha tanuri. Kukisafisha, mara ya kwanza kwa miaka hamsini na minne! Marehemu mume wangu, Sadakichi, hakunikubalia. Kila Desemba alisimama mlangoni na ufagio kama askari wa zamu, akisema huku ni kwangu, wewe nenda kwenye vigae vyako. Siku zote nilijua anaficha sake, pombe yake ya mchele. Leo nimepekua. Nyuma ya pipa. Chini ya kuni. Ndani ya buti lake. Hakuna sake. Mzee wa watu, nimemsingizia miaka yote hiyo.

Kilichokuwepo ni uchafu tu. Masizi kila mahali, na ukutani, usawa wa kifua, doa kubwa la rangi nyekundu iliyokauka. Magadi, maji ya moto, brashi ya waya, saa nzima. Likatoka! Ukuta mweupe kama yai. Bega linaniuma lakini moyo umetulia.

Mwalimu wa darasa letu la wazee alisema tuandike kila siku, hata mistari miwili. Mimi sikukanyaga shule, utotoni nilikuwa nabeba watoto wa watu mgongoni. Sasa nina miaka sabini na minane na najua herufi zile nyepesi tu. Zinatosha. Naandika nyuma ya kalenda za zamani za hamamu, maana karatasi haitupwi.

Jumamosi, 29 Desemba

Balaa.

Asubuhi sanduku la posta lilikuwa na kadi moja. Moja ni nyingi. Nyumba yenye msiba haitumiwi kadi za mwaka mpya, nilijua litakuwa tupu. Kadi imetoka kwa Inomata. Huyu ni mtu mzima wa miaka hamsini, anafanya kazi ofisi ya mifereji ya maji machafu huko Yokohama, hana mke, kola yake haijawahi kupigwa pasi sawasawa. Ameniandikia kwa herufi nyepesi tupu ili nisome mwenyewe. Adabu hiyo!

Yeye na wenzake wanapenda zile filamu za bei ya chee, za damu na mapanga na wafu, zisizofika sinema, zilizokuwa zinakwenda moja kwa moja kwenye rafu za kukodisha kanda. Moja ilipigwa hapa kwetu kiangazi cha 1994, siku sita, wakati bomba kubwa linatengenezwa. Inaitwa Maiti Wanaoga Saa Kumi. Saa kumi kwa sababu ndipo tulipokuwa tunafungua mlango. Mwanamke polisi anawakata kwa panga wafu wanaotoka kwenye maji ya moto. Mimi nilikuwa jikoni nafinyanga matonge ya wali. Maiti ishirini, na wanakula kama wafua vyuma! Taulo zangu kumi na moja zilikwenda na damu yao ya sukari.

Sijaiona hiyo filamu. Sadakichi aliiweka kila Agosti, peke yake, na kila Agosti aliniita mara moja tu, karibu na mwisho. "Tome, njoo uone hapa." Nikajibu nina vyombo. Siku zote nilikuwa na vyombo. Alipofariki nikampa mokota vyuma ile mashine ya kanda.

Basi, kadi. Wanatoa pole. Watakuja saba, Jumamosi ya tarehe tano, kama kila mwaka. Nilifurahi nikapiga makofi peke yangu jikoni. Kisha nikasoma mwisho. Wanaomba, kama halinisumbui, waingie chumba cha tanuri kuuona mkono wa damu ukutani, kitu pekee kilichobaki duniani kutoka kwenye filamu ile.

Nikasoma tena.

Kila mwaka watu hawa walikuwa wakiingia mle na Sadakichi wanakaa nusu saa. Nilidhani wanapenda tanuri. Mwanaume na tanuri si kitu cha kushangaza.

Nikaenda kutazama ukuta. Mweupe kama yai.

Jioni mwanangu Mitsuo akapiga simu. Ana karatasi za kuuza hamamu, zinataka muhuri wangu tu. Kwake Chiba kuna chumba kimeshawekwa kitanda, dirisha linatazama maegesho ya magari. Anaogopa nitaanguka humu ndani na nisijulikane. Si mtoto mbaya. Anakagua lifti, basi popote anaona watu wanaanguka. Nikamwambia nyumba hii inajaa wageni kila wakati. Akasema sawa Mama, nikiwaona kwa macho yangu narudisha karatasi kwenye mkoba, nisipowaona unapiga muhuri. Nikamwambia aje Jumamosi.

Nikiwaambia kina Inomata mkono haupo, watakuja kuona nini? Mimi?

Jumapili, 30 Desemba

Nimepata njia. Ni rahisi. Mkono ni mkono.

Nilimpigia Inomata kijanja. Nikamwambia nataka kuwapima, kama kweli wao ni wajuzi, waniambie mkono ule ukoje. Mtu yule hazungumzi na watu wiki nzima, nadhani. Alizungumza dakika arobaini. Mkono wa kulia. Vidole juu, halafu umeteleza kidogo kuelekea chini. Siku ya mwisho damu ya sukari iliwaishia na fedha zilikuwa zimekwisha, wakaomba kopo la rangi ya kuzuia kutu kwenye kiwanda cha kufua vyuma nyuma yetu. Ndiyo maana haikutoka miaka yote. Nikamwambia umefaulu, mwanangu, na ule mboga.

Kiwanda kimeshakuwa majengo ya kupangisha. Nikaenda duka la vifaa. Na nani yuko pale ananunua balbu? Kinuyo. Akauliza rangi ya nini. Nikasema ya paa. Akauliza nani atapanda paa. Nikasema mimi. Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye soksi.

Ikabidi nitoe ngazi niiegemeze ukutani nje. Imekaa hapo kutwa. Kinuyo katoka dukani mara nne kuitazama.

Jumatatu, 31 Desemba

Nilipaka mkono wangu, nikaupiga ukutani. Ulitokea mdogo, kama wa mtoto wa chekechea aliyeiba jamu. Mbaya zaidi, ulinisikitisha. Nikausugua.

Nikachukua glavu kubwa ya Sadakichi ya kuchochea moto, nikaijaza wali wa jana ili inenepe. Nikaipaka rangi, nikapiga. Mshono ukaachia. Ukutani kukabaki unyayo wa bata wenye punje za wali. Nikausugua.

Chumba kizima kinanuka magadi na rangi. Nimevaa barakoa mbili.

Jioni tambi za kufunga mwaka. Nilipika mabakuli mawili. Sikukusudia. Niliona tu nimeshashika la pili, natafuta pa kuliweka.

Nalo nikalila. Tambi hazitupwi.

Jumanne, 1 Januari

Mwaka wa msiba. Hakuna wa kupongezana naye. Sanduku la posta tupu. Nimelifungua mara mbili, labda mtu wa posta kachelewa.

Nilikaa mbele ya picha ya Sadakichi kwenye madhabahu, nikamweleza habari za ukuta. Hakubadilisha uso. Ndivyo alivyokuwa hata siku nilipounguza suruali yake ya harusi ya Mitsuo.

Jumatano, 2 Januari

Ushindi!

Eizo, mume wa Kinuyo, ana mikono kama makasia. Miaka sitini anatoa tofu kwenye maji baridi. Masikio yamekwisha, moyo mzuri. Nilimngoja alipokuja kumwaga maji uani, nikamwita kwa mkono, nikampa bakuli la maharage meusi matamu. Alipomaliza nikamwomba aniazime mkono wa kulia kwa dakika moja na asimwambie mtu. Hakuuliza wa nini. Alivua saa tu.

Nikaupaka mpaka kwenye kifundo. Akapiga ukuta, akateleza kidogo kama nilivyomwonyesha. Mkubwa! Wa kutisha! Hata mimi nilirudi nyuma.

Tatizo dogo. Rangi ya kuzuia kutu haitoki mwilini. Nilimpa magadi. Nilimpa mafuta ya taa. Nilipochukua brashi ya waya akasema hapana asante, Tome, akaenda nyumbani.

Alhamisi, 3 Januari

Kinuyo kaingia bila kubisha hodi, aproni imemning'inia bega moja.

"Tome, mume wangu katoka kwako na mkono mwekundu mpaka kwenye kifundo, na hataki kusema mlikuwa mnafanya nini."

Eizo mtu wa ahadi. Sikutegemea atakuwa wa ahadi kiasi hicho.

Nikamwambia tulikuwa tunapaka paa. Akasema paa ni lilelile. Akasema Eizo anauza tofu nyeupe kwa mkono mwekundu na wateja wanauliza kama amechinja mtu. Akasema shoga yangu, kwa umri wako. Hapo nikacheka mpaka nikashika mlango, na nikicheka mimi husema ukweli, ndilo kosa langu. Nikamwambia yote.

Alitazama dari. Nikadhani ananionea huruma. Alikuwa anapiga mahesabu. Sharti lake: wageni wale wakifika, wapelekewe sinia la tofu yake, na mimi niseme kwamba maiti wa mwaka 1994 hawakula kitu kingine. Hawakula hata kipande! Walikula matonge yangu. Lakini nikakubali.

Alipokuwa anatoka akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akaacha tofu mbili juu ya meza, kama mtu aliyezisahau.

Ijumaa, 4 Januari

Mkono unang'aa mno. Unaonekana wa juzi. Nimeuzeesha: masizi, majivu, chai, mwisho sosi ya soya kwa brashi ya viatu. Nikaukausha kwa mashine ya nywele. Sasa umekaa kama wa miaka ishirini na minne. Harufu ni ya mgahawa wa samaki. Nimefungua madirisha.

Nimepika sufuria kubwa la oden: figili, mayai, mikate ya samaki. Chakula cha sherehe hakifai nyumba yenye msiba, lakini figili hazijakatazwa. Mayai kumi na manne. Mito saba ya kukalia nimeipiga vumbi na kuianika.

Saba, na Mitsuo. Wanane! Nimevipanga vikombe mara tatu.

Jumamosi, 5 Januari

Naandika polepole.

Walifika saa saba, wote saba, wamevaa nyeusi. Huwa wanavaa nyeusi, lakini leo ilifaa. Walimchomea Sadakichi ubani. Inomata mbele, kola imekunjamana. Yule msichana Oyamada, msaidizi wa daktari wa meno, kakonda kuliko mwaka jana, nikampa yai kabla hajavua koti. Waliniletea zawadi ya msiba: filamu yenyewe kwenye diski, na mashine ndogo ya kuichezea, maana Inomata alikumbuka kwamba ile ya zamani niliigawa. Wakaifunga kwenye televisheni yangu.

Mitsuo akafika na mkoba wake. Akaviona viatu mlangoni, jozi saba. Akavihesabu, nilimwona. Nikamwambia karibu mwanangu, jibane, leo pamejaa kama kawaida.

Kisha chumba cha tanuri. Waliingia wamefunga mikono mbele kama wanaingia hekaluni. Inomata akainua tochi. Akatoa picha ya zamani mfukoni, akaiweka kando ya mkono wangu. Akatoa rula. Nani hubeba rula?

Akasogeza pua. Akanusa.

Akasema kwa upole kwamba kidole kidogo kimenyooka. Nikamwambia rangi hutanuka, kuta hukua kama watu. Akasema ndiyo, Bibi. Nikaongeza kwamba huo mkono uko hapo tangu 1994, sijaugusa, naapa kwa vigae vyangu.

Na papo hapo akaingia Eizo, katumwa na mkewe, na sinia la tofu. Mkono wa kulia mwekundu mpaka kwenye kifundo.

Watu wanane wakatazama sinia. Wakatazama ukuta. Eizo akainama akatusalimia.

"Mkono wenyewe umekuja kwa miguu," Oyamada akasema, sauti ndogo kabisa.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Bibi, samahani sana," Inomata akasema. "Huu si mkono wa Bwana Sadakichi."

"Nani kasema ni wa Sadakichi?"

Akanitazama. Uso ukambadilika.

"Bibi hukujua?"

Nilikaa juu ya kuni. Nikawaambia. Usafi mkubwa, magadi, brashi ya waya, saa nzima. Niliwaambia lilikuwa doa. Sauti yangu ilitoka kubwa, kama nagombana na mtu. Mitsuo alikuwa mlangoni, kasikia kila kitu, hata habari za sosi ya soya.

Inomata hakunigombeza. Alisema ingefaa tutazame.

Tukakaa wote kwenye meza ile fupi yenye kipasha joto chini yake, miguu ya watu kumi, na Kinuyo akaja naye kumfuata Eizo, tukawa kumi na mmoja. Oyamada akapeleka filamu mbele karibu na mwisho. Chumba changu cha tanuri. Tanuri langu! Mchochea moto mzee wa hamamu anavutwa na wafu sakafuni. Inomata akaeleza kwamba mwigizaji mwenyewe siku hiyo alikwishaondoka, alikuwa na kazi nyingine Nagoya. Wakamwomba mwenye nyumba awaazime mkono.

Ukatokea. Mkono mmoja tu, kutoka chini, ukapiga ukuta, ukateleza. Kidole kidogo kimepinda kwenda nje. Sekunde nne, Inomata alisema. Ameshazihesabu.

Nakijua kidole kile. Mitsuo alikuwa na miaka minne, alipeleka uso kwenye mlango wa tanuri, baba yake akamvuta, mlango ukambana yeye kidole hicho.

Baadaye majina yalipanda kwenye kioo, yameandikwa kwa zile herufi nzito nisizozijua. Oyamada akanisomea la mwisho kabisa. Mkono: Kuribayashi Sadakichi.

Kumbe hapo ndipo alipokuwa ananiita. Kwa sekunde nne. Kila Agosti. Na mimi na vyombo vyangu.

Mitsuo akaomba arudishiwe nyuma. Akaomba tena. Mara ya tatu hakuomba, Oyamada akarudisha tu. Kinuyo alikuwa anajipangusa pua kwa aproni, akasema ni pilipili. Hakukuwa na pilipili.

Saa kumi kamili wakafanya jambo lao la kila mwaka. Wanavua soksi, wanaingia ndani ya birika kavu la kuogea la upande wa wanaume, wanasimama chini ya Mlima Fuji, kimya, dakika moja. Basi. Ndiyo ibada yote. Leo Mitsuo aliingia nao, suruali kaikunja. Alipotoka akaweka karatasi ndani ya mkoba. "Tutazungumza maua ya sakura yakishapukutika, Mama." Nimepata mpaka Aprili!

Halafu mlangoni, Inomata akatoa daftari dogo. Ana orodha ya sehemu zote ambako kimebaki kitu cha filamu zao. Akapiga mstari mmoja juu ya jina la hamamu yetu, taratibu, kama anaogopa utanikwaruza. Mwakani watakwenda Gunma, kuna handaki la reli lililobaki na jino la plastiki. Aliinama chini sana. Aliinama muda mrefu, nikaona nywele zake zimeanza kupungua utosini.

Niliwafungia mayai wote. Oyamada mawili.

Mitsuo aliwapeleka stesheni kwa gari, kisha akaenda zake Chiba.

Mito saba bado ipo chini. Nitaikusanya kesho.

Jumapili, 6 Januari

Sijaikusanya.

Saa kumi nilivua soksi nikaingia kwenye birika kavu. Nilijaribu tu. Vigae ni baridi. Nilisimama dakika moja, labda mbili. Hakuna kilichotokea. Sijui wanapata nini. Labda inataka watu saba.

Ukiwa humo ndani peke yako, unajisikia ukipumua.

Jumatatu, 7 Januari

Siku ya uji wa majani saba. Nilinunua majani, nikapika, bakuli moja. Nimeanza kujifunza vipimo. Kinuyo kaja na tofu, akasema zimebaki, zingetupwa. Zilikuwa za moto. Akasimama, sikumwambia akae, akakaa. Akasema uji hauna chumvi. Nikamwambia una chumvi, ulimi wake ndio umezeeka. Akamaliza bakuli langu. Nimechukia. Kesho nitapika mawili.

Nimefikiri sana kuhusu orodha ya Inomata. Mtu ana mikono miwili. Mkono wa kulia umepotea, sawa, kosa langu. Lakini nani amewahi kuchungulia nyuma ya pipa la maji? Hakuna! Mzee yule alivutwa na wafu. Angeshika nini kwa mkono wa kushoto? Angeshika ukuta wa nyuma ya pipa, bila shaka.

Eizo bado ana mkono wa kushoto msafi. Safari hii nitamfunga kidole kidogo kwa kijiti kipinde kwenda nje. Hakuna soya. Chai tu. Rangi imebaki nusu kopo. Kinuyo asijue.

Nimeshaandika kadi. Mwanangu Inomata, nimegundua kitu, njooni Machi, wote saba, mwambie Oyamada ale. Nimeitia kwenye sanduku la posta la kona kabla sijabadili mawazo.

Mchana nilipokuwa nakaanga zile tofu, niliwasha televisheni. Oyamada alinionyesha vitufe: hiki cha kwenda, hiki cha kusimamisha. Nilipita wafu wote nikiwa nimefumba macho. Nikasimamisha mahali penyewe. Si vigumu. Miaka ishirini na minne, na si vigumu.

Ukajaa kioo kizima. Kidole kimepinda. Nikausogelea, nikaweka wangu juu yake. Wangu mdogo, hata kwenye kioo. Nilikaa hivyo mpaka tofu zikaanza kunuka jikoni.

Nilipoondoa mkono ulikuwa umebaki. Vidole vitano vya mafuta ya kukaangia, kioo kizima, na nyuma yake wa Sadakichi hauonekani vizuri.

Uchafu gani huu! Na nyumba nimeisafisha juzi. Nikachukua kitambaa na maji ya magadi, nikasugua mpaka kikang'aa.